Paka Kunjut na Nyumba ya Kunong'ona

Mwezi wa Mei nyumba ya Babu Ergash haikuwa ya Babu Ergash. Ilikuwa ya viwavi. Chumba kikubwa, kile chenye zulia na madirisha mawili, kilikuwa kimejaa vichanja vya fito kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Juu ya vichanja hivyo viwavi wa hariri walitafuna majani ya mforsadi mchana kutwa na usiku kucha. Ukisimama mlangoni ulisikia sauti kama mvua inayonyesha juu ya bustani. Wenye nyumba wenyewe walijibana jikoni, wakalala humo humo na masufuria yao.

Hulkar alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila alfajiri, kabla ya shule, aliosha mikono mpaka viwikoni, akaingia chumbani na mzigo wa matawi. Sheria za chumba hicho alizijua kabla hajajua kusoma. Usiingie na harufu ya kitunguu. Usijipake manukato. Usipige chafya juu ya vichanja. Na kubwa kuliko zote, usipaze sauti. Watu wa Margilan, mji wao huo wa hariri, husema kiwavi akisikia ugomvi hugoma kula, na kiwavi aliyegoma hafumi hariri. Kwa hiyo msimu ulipofika nyumba nzima ilinong'ona. Waliombana chumvi kwa kunong'ona, walichekeana kwa kunong'ona, na Babu Ergash aliwasema wakubwa wa serikali kwa kunong'ona vilevile.

"Wanatuletea mayai ya viwavi kwenye boksi utadhani wametuletea zawadi," alisema asubuhi moja huku akitandaza majani. "Chumba chetu, miti yetu, migongo yetu. Halafu hariri ikishaiva, wanaokwenda kupigwa picha ni wao!"

"Babu, taratibu. Watakusikia."

"Nani, wakubwa?"

"Viwavi."

Babu alifunga mdomo. Wakubwa hakuwaogopa, viwavi aliwaogopa.

Watu wa nyumba hiyo walikuwa watatu tu. Baba, mama na Sherzod, kaka yake Hulkar, walikuwa Urusi kwa kazi za ujenzi. Bibi alifariki mwaka uliopita, majani ya miti yalipoanza kudondoka, na tangu siku hiyo Babu alikuwa mtu wa kulaumu. Alilaumu barabara, alilaumu hospitali, alilaumu kila aliyekalia kiti chenye matakia. Wa tatu alikuwa Mukaddas, mke wa Sherzod, bibi arusi wa mwaka wa kwanza. Bibi arusi wa mwaka wa kwanza huko huamka kabla ya kila mtu, hufagia ua, huwainamia wazee kwa salamu, wala hajibu akisemwa, hata kama amesemwa kwa kosa lisilo lake.

Na alikuwapo mlinzi. Paka jike mdogo, hata mwaka hajatimiza vizuri, mweupe mwenye madoa kama ufuta uliomwagwa juu ya mkate. Ndiyo maana Bibi alimwita Kunjut, yaani ufuta. Bibi ndiye aliyemwokota chini ya mtaro, akamkuza kwa maziwa na chembe za nyama. Kazi yake ilikuwa kuwafukuza panya, kwa sababu panya mmoja akiingia chumbani usiku mmoja, hula jasho la watu la mwezi mzima.

Bibi alipokuwa amekwisha kuzikwa, gari jeupe la mkubwa mmoja wa wilaya lilipita mtaani mbio, likamgonga Kunjut kwenye nyonga, likaenda zake. Babu alimfunga kwa kilemba chake, akampeleka kwanza kwenye ofisi ya mifugo. Karani alimtazama paka, akatazama karatasi zake.

"Mzee, ng'ombe ana hereni sikioni, yuko kwenye hesabu. Paka hayumo kwenye hesabu."

"Basi na mimi nisahauni," Babu akamjibu, "maana sikio langu hili halina hereni."

Aliyemponya alikuwa Daktari Zamira, mwenye kliniki ndogo nyuma ya soko. Siku alipomfungua bendeji alimpapasa kiunoni, akatikisa kichwa.

"Mfupa umeunga, lakini umeunga kombo. Njia ya kutokea watoto imebanwa. Atatembea, atakamata panya, lakini asipate mimba. Akipata, watoto hawatapita, na yeye atakufa pamoja nao. Mfungieni ndani. Akishapata nguvu mniletee nimfunge kizazi."

Lakini baridi ya mwaka ule umeme ulikuwa wa kuja na kuondoka, kliniki haikuweza kufanya upasuaji. Joto liliporudi, yakaja maboksi ya mayai. Babu akasema, "Baada ya viwavi." Kila kitu katika nyumba ile kilikuwa baada ya viwavi.

Sasa viwavi walikuwa wanene kama vidole, wamebakiza siku chache waanze kufuma. Hulkar alirudi shuleni, akamkuta Mukaddas amechuchumaa jikoni, Kunjut kalala chali mbele yake.

"Wifi, njoo umwone huyu," Mukaddas alinong'ona. "Tumbo limekuwaje?"

Tumbo lilikuwa duara kama tikiti, na chuchu zimekuwa nyekundu, zimechomoza.

"Mwambie Babu," Mukaddas alisema. "Mimi nikisema ataona nimejifanya mjuaji."

Babu alikuja na miwani yake iliyofungwa kwa uzi. "Amekula panya wengi, basi."

"Babu, panya hawamfanyi mtu chuchu nyekundu," alisema Hulkar.

"Wewe umesomea wapi udaktari?"

"Wifi ndiye kasema."

Mukaddas alimkanyaga kidole cha mguu, lakini Babu alikuwa amekwisha kumgeukia. Uso wake ulibadilika. Alikuwa amekumbuka jambo.

"Ni wewe," akanong'ona. "Siku ile, wiki mbili hivi zilizopita, viwavi walipolala usingizi wa pili wa kujivua ngozi. Ulikuja na matawi, ukauacha mlango wazi, paka akatoka mpaka kwenye mparachichi ule wa nyuma."

Hapo hata yeye alisikia alivyokosea. "Mparachichi gani! Unanichanganya. Mwaprikoti. Sisi hapa tuna mwaprikoti."

Siku nyingine Hulkar angecheka mpaka akae chini. Siku hiyo hakuweza. Mukaddas aliinamisha kichwa. "Nilimshika palepale, Babu."

"Palepale! Na tumbo hili limeletwa na upepo? Nyumba hii haina mkosi ila uzembe! Paka wa marehemu!"

Kugombezwa kwa kunong'ona kunauma kuliko kugombezwa kwa makelele, maana aliyegombezwa anasikia kila neno na hana pa kuficha uso. Mukaddas alisema, "Nisamehe, Babu," akaenda kukoka moto.

Hulkar alibaki amesimama. Mfukoni mwa gauni lake mlikuwa na kijiwe laini, cheusi, kidogo kama kokwa la tende. Vidole vyake vilikizungukazunguka, na kijiwe hicho peke yake kilijua anachowaza.

Kilitoka kwenye sumalak. Mwaka mpya unapoingia mwezi wa Machi, wanawake wa mtaa hukusanyika kwenye chungu kikubwa cha chuma, wakapika usiku mzima uji mzito wa ngano iliyochipua, wakikoroga kwa zamu. Ndani hutiwa vijiwe ili uji usiungue, na anayekuta kijiwe kwenye bakuli lake huambiwa ana bahati. Usiku ule Babu alimwambia Hulkar, "Wewe kaa na paka. Wifi yako amekwenda kukoroga, mimi mgongo unauma." Hulkar alisikia nyimbo na vicheko vikivuka ukuta, akavumilia, akashindwa. Akatoka mbio kwenda kukoroga na yeye, kwa sababu anayekoroga huomba jambo moyoni. Aliomba Kunjut akimbie tena kama zamani.

Aliporudi, mlango ulikuwa wazi kama alivyouacha, na Kunjut hakuwamo. Alimkuta karibu na alfajiri nyuma ya tanuri la mwoka mikate, na paka dume la rangi ya chungwa la mwoka mikate likijilamba pembeni. Akamrudisha kimyakimya. Asubuhi Babu aliuliza, "Paka alitulia?" Akajibu, "Alilala tu, Babu." Neno dogo tu, akadhani limekwisha hapo.

Kesho yake Babu na Hulkar walimpeleka Kunjut kliniki ndani ya kikapu cha mikate. Daktari Zamira alimpapasa muda mrefu, macho yake yakiwa ukutani.

"Ninachokigusa ni watoto," alisema mwishowe. "Wawili, labda watatu. Mashine ya kuangalia tumboni ingeniambia wamefikia wapi, lakini umeme umeiunguza."

"Wanaouzima umeme wao kwao haukatiki," alinong'ona Babu, akasahau kwamba pale hapakuwa na viwavi.

"Nisikilizeni vizuri. Huyu hawezi kuzaa mwenyewe, lazima nimpasue. Nikimpasua mapema mno, watoto hawajaiva, watakufa. Nikichelewa, uchungu ukaanza, atakufa yeye. Paka hubeba mimba miezi miwili na siku chache. Kwa hiyo niambieni ukweli, alitoka nje lini?"

Babu hakusita. "Viwavi walipolala usingizi wa pili. Bibi arusi wetu alimwachia mlango."

Daktari alihesabu kimoyomoyo. "Tumbo hili ni kubwa kwa siku hizo chache. Na kabla ya hapo? Hakutoka hata mara moja?"

Alimtazama Hulkar. Kijiwe kilikuwa cha moto mkononi. Hulkar alifungua mdomo, akamwona Babu anavyomtazama kwa imani, mdomo ukajifunga wenyewe. Akatikisa kichwa.

"Basi, kwa maneno yenu, bado ana zaidi ya mwezi," alisema daktari. "Malizeni viwavi wenu kwa amani, kisha mniletee."

Njia nzima Babu alisukuma baiskeli akipiga mluzi. Nyuma yake Hulkar alikibeba kikapu, na kikapu kilikuwa kizito kuliko wakati wa kwenda.

Siku zilizofuata viwavi waliacha kula. Sauti ya mvua ilikatika. Waliwawekea mafungu ya vijiti vikavu, wakapanda mmoja mmoja, wakaanza kujizungushia nyuzi. Bibi Hosiyat, jirani mwenye mdomo, alichungulia langoni kila siku akanong'ona kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia, "Ergash! Nasikia bibi arusi wako amewapatia wajukuu wenye mikia?" Babu alinuna, Mukaddas akafagia haraka zaidi. Usiku Hulkar alimsikia akizungumza na Sherzod kwa simu. "Hapana, nimezoea. Hapana, silii, ni moshi." Moto ulikuwa umezimika zamani.

Alasiri moja Hulkar alikwenda kuchukua godoro la kukalia, akasikia mkwaruzo. Kunjut alikuwa amejipenyeza kati ya magodoro ya pamba yaliyopangwa juu ya sanduku la Bibi, anachana kitambaa kwa makucha, anazunguka, anajilaza, anainuka tena. Alikuwa anajitengenezea kitanda. Hulkar alikwisha kuona paka wa shuleni akifanya vile, na kesho yake alikuwa na watoto.

Zaidi ya mwezi, daktari alisema. Lakini daktari alikuwa amehesabu kwa kutumia uongo.

Hulkar alikimbia mpaka chumba cha viwavi. Babu alikuwa juu ya ngazi, Mukaddas chini yake akimpa vijiti. Vifukofuko vya kwanza vilikuwa vinang'aa katika vijiti kama taa ndogo.

"Babu," alisema, na sauti ikamtoka kubwa.

"Ssss!"

"Babu, si wifi." Alishusha sauti, machozi hayakushuka nayo, yalipanda. "Ni mimi. Usiku wa sumalak nilimwacha peke yake nikaenda kukoroga. Alilala nje, nyuma ya tanuri. Nilikwambia alilala ndani. Na kwa daktari nikanyamaza tena. Anazaa sasa, Babu. Anachana magodoro."

Mafungu ya vijiti yalimdondoka Mukaddas mikononi. Babu alishuka ngazi taratibu, kila hatua ikilia. Hulkar alingoja kofi. Afadhali lingekuja.

"Usiku wa sumalak," Babu alirudia. Alitazama vidole vyake, akahesabu. Akawa mweupe. "Miezi miwili kamili. Simu! Simu yangu iko wapi?"

Daktari Zamira hakupoteza maneno. "Kama ni sumalak, watoto wameiva. Mleteni sasa hivi. Uchungu usinitangulie!"

Gari la jirani lilikuwa halipo. Goti la Babu lisingemfikisha sokoni. Ilibaki baiskeli iliyoegemea ukutani, na Babu aliitazama, kisha akamtazama bibi arusi wake.

"Kwenu uliendesha baiskeli?"

Mukaddas aliinama. "Niliwashinda kaka zangu, Babu."

"Basi usiiname. Panda!"

Mtaa wao wa nyuma ya msikiti mdogo haukuwa umewahi kuona jambo kama lile. Bibi arusi wa mwaka wa kwanza, kitambaa kikipepea, miguu ikikanyaga kama cherehani, Hulkar nyuma yake amekumbatia kikapu cha mikate. Bibi Hosiyat alitoka na ufagio.

"Bibi arusi juu ya baiskeli! Dunia imekwisha!"

"Haijaisha, Bibi!" Mukaddas alipaza sauti. "Tupishe tupite!"

Bibi Hosiyat alirukia ukutani kama msichana. Hulkar hakuwahi kuisikia sauti ya wifi yake ikiwa kubwa. Ilikuwa nzuri.

"Wifi," alisema mgongoni kwake, "nisamehe."

"Nitakusamehe tukirudi. Sasa shika kikapu, kuna shimo!"

Kliniki jenereta lilikuwa linanguruma tayari. Daktari alimgusa Kunjut tumboni, akasema, "Umeanza," akamchoma sindano ya usingizi. Mukaddas alitaka kutoka nje, lakini daktari alimrushia Hulkar taulo.

"Wewe mwenye sumalak, nawa. Nitakayekupa, msugue mpaka alie. Usiache mpaka nikwambie."

Wa kwanza alitoka mweupe mwenye madoa, akalia mara moja kama mlango usiotiwa mafuta. Mukaddas akampokea. Wa pili alikuwa wa rangi ya chungwa, laini, baridi, hajitikisi. Daktari alimweka kwenye taulo la Hulkar, akarudi kushona.

Hulkar alisugua. Alisugua mgongo, akasugua kifua. Kichwa kidogo kilining'inia. "Endelea," daktari alisema bila kugeuka. Mikono ilimuuma, macho yakafunikwa na maji, akaendelea. "Lia," alimwambia. "Lia, nakuomba. Hapa si nyumbani, hapa unaruhusiwa kupiga kelele."

Mdomo wa kitoto ukafunguka. Ikatoka sauti nyembamba, ya hasira, kama ya mtu aliyekatiziwa usingizi. Mukaddas alicheka, akalia, akacheka tena.

"Mtoto wa dume la mwoka mikate, huyo, rangi ileile," alisema daktari. "Nimemfunga mama yao kizazi papo hapo. Atapona." Alivua glavu, akamtazama Hulkar moja kwa moja. "Kwa ile hesabu mliyonipa kwanza, mngeniletea maiti. Neno lako la leo ndilo lililokata njia, kisu changu kilifuata tu."

Walirudi jua likiwa bado juu ya mapaa, Mukaddas akisukuma baiskeli, Kunjut amelala kikapuni na watoto wake wamejibana kwenye joto lake. Babu alikuwa langoni. Majirani walikuwa langoni vilevile, Bibi Hosiyat mbele yao.

Babu alifunua kitambaa, akaona vichwa vitatu. Hulkar alingoja mnong'ono. Babu alivuta pumzi, akapiga ukelele uliowarusha njiwa juu ya paa.

"WAZIMA! WOTE WAZIMA!"

"Babu, viwavi!" Hulkar aliruka.

"Viwavi wanajifungia ndani ya hariri, hawasikii kitu! Wa mwisho amepanda vijitini sasa hivi, hakuna wa kugoma kula tena. Mwezi mzima nimenong'ona, leo nitasema!" Alimgeukia Mukaddas, na palepale, mbele ya mtaa mzima, mzee yule alimwinamia bibi arusi. "Mwanangu, nilikusingizia. Nisamehe."

Mukaddas alishika mdomo. Bibi Hosiyat aliangusha ufagio.

"Babu, usiniinamie, ni aibu."

"Aibu nilikwisha kuifanya jikoni. Sikilizeni, na wewe Hulkar sikiliza. Mimi kila siku nalia na wakubwa. Wanavunja wao, wanalipa wadogo. Wanakosea wao, anaandikiwa kosa yule asiyeweza kujibu. Kumbe katika ua huu, mkubwa ni mimi, na nimefanya yaleyale. Niliona tumbo la paka, nikamtafuta aliye mnyonge kuliko wote nikamtwika. Na wewe, mjukuu wangu, ulimwona amebeba mzigo wako, ukamwacha aubebe."

Hulkar aliinamisha kichwa.

"Inua uso, sijamaliza. Uongo wako ulikuwa mdogo siku ya sumalak. Ungeusema asubuhi ile, ningekugombeza, tukampeleka paka kliniki, basi. Ulivyoufungia ukakua pamoja na tumbo lake, mpaka ukataka roho tatu. Lakini ulipoona lazima usemwe, hukungoja kushikwa, ulikuja kwa miguu yako ukausema mbele ya yule uliyemkosea. Watu wazima wenye viti vyao hawaliwezi hilo. Wewe umeliweza, na hawa watatu wanapumua kwa sababu hiyo. Siku nyingine ukikosea, niambie siku hiyohiyo. Nitafoka, lakini nitafoka kwa anayestahili."

Hulkar alitoa kijiwe mfukoni. Alikuwa amekibeba tangu Machi, akiwaambia watu ni cha bahati, na siku zote kilikuwa kinamchoma. Alikiweka kwenye kiganja cha Mukaddas.

"Chako, wifi. Wewe ndiye uliyekoroga usiku kucha. Mimi nilikoroga kidogo tu, na nilikuwa nimetoroka."

Mukaddas alikifumbata. "Nilisema nitakusamehe tukirudi," alisema. "Tumerudi."

Wiki iliyofuata walichuma vifukofuko. Vilikuwa vingi, vyeupe, vigumu, wala panya hakugusa hata kimoja. Mtaa wote ulikuja kusaidia kama ilivyo desturi, watu wakaimba, wakagombania chai, wakapiga makelele kwa raha zao. Kunjut alilala dirishani akiwanyonyesha wanawe, kiuno chake kombo kimetulia juani. Na kila aliyeuliza ilikuwaje, Hulkar alimsimulia mwenyewe, kuanzia mlango ule alioacha wazi, kwa sauti kubwa.